Kapita na Kamyo ya Baba Ngalula

Kapita hakuwahi kupiga chuma kwa hasira. Waliofanya kazi chini yake kwenye karakana ya treni za Kampuni, ile ya migodi ya shaba, watakuambia hivyo hivyo. Pini ikikwama, wengine walitukana na kuokota nyundo. Yeye alivuta kigoda, akaidondoshea tone la mafuta, akawasha sigara ambayo hakuivuta hadi mwisho, akangoja.

"Chuma iko na masikio," alisema. "Ukiipigia makelele, inajikaza."

Kapita maana yake msimamizi wa kazi, na cheo hicho kilimfuata hadi mtaani kwetu Kampemba, Lubumbashi, ingawa pale hakuwa na wa kumsimamia ila mkewe, naye hakusimamiwa na mtu. Nyumba yao na yetu zilitazamana, katikati barabara ya vumbi jekundu na mfereji. Mimi nilikuwa mkunga kwenye dispensari ya karibu. Yeye aliniita Mama Sifa, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Mimi nilimwita Kapita kama wote, na nikiwa na shida nilimwita Baba Kapita, naye alijua hapo hapo kwamba kuna kitu kimeharibika.

Mikono yake aliiosha mara mbili, kwanza kwa mafuta ya taa na unga wa mbao, kisha kwa sabuni. Kabla ya hapo hakumpa mtu mkono, hata padri. Alikuinulia kiwiko ukiguse. Kanisani aliimba sauti nene isiyofuata wimbo, na mwalimu wa kwaya alimvumilia kwa sababu kinanda kilipokohoa ni yeye aliyekitibu. Hakupenda sifa. Ukimshukuru alitazama pembeni na kukuuliza kama umekula.

Kuhusu mali ya watu alikuwa mgumu kupita kiasi. Askari walipochoka kungoja mishahara wakavunja maduka ya mjini, na raia wakafuata nyuma, bohari za Kampuni nazo zilifunguliwa kwa mitarimbo. Kwa siku tatu mbele ya nyumba zetu vilipita viti, mabati, mapipa, na mtu mmoja aliyebeba mlango mzima kichwani akitabasamu. Juma lililofuata Mama Kapita alinunua koleo sokoni, amfurahishe mumewe. Kapita aliigeuza, akaona muhuri wa Kampuni.

"Hii iko ya kazi."

"Iko yangu. Nimeinunua."

"Iko ya kazi, Mama."

Akavaa viatu, akatembea kwa miguu hadi lango la karakana. Mlinzi hakuwepo, hata kufuli haikuwepo. Akaifunga koleo kwa waya kwenye nondo za lango, akarudi. Asubuhi haikuwepo tena, bila shaka. Mama Kapita alikaa siku mbili bila kumsemesha, kisha akavuka barabara kuja kwangu.

"Mimi niliolewa na malaika, Mama Sifa," alisema. "Malaika habakulaka. Shiye tunakulaka." Yaani malaika hawali, sisi tunakula.

Wakati huo sote tulikuwa tumeshuka hadi mlo mmoja kwa siku. Bomba la moshi la kiwanda, ambalo tangu utoto wetu lilitufukizia kikohozi na mkate kwa pamoja, lilikuwa limenyamaza. Wanaume walioamka kwa king'ora miaka thelathini bado waliamka saa ile ile, wakaketi vibarazani wakiwa wamevaa. Wengine walikwenda kuchimba mawe ya shaba kwa mikono. Kapita hakwenda. Alitengeneza kilichomfikia: cherehani, baiskeli, pasi za makaa.

Alitengeneza pia sufuria kubwa ya mvuke ambamo tulichemshia mikasi na nguo za uzazi. Ilipopasuka kifuniko nilikwenda kwake nikasema Baba Kapita, naye akaja siku hiyo hiyo na mfuko wake wa vyombo. Ili afike chumba cha nyuma ilibidi apite wodi ya wazazi. Mtu huyo mkubwa, aliyenyanyua magurudumu ya treni maishani mwake, alipita akiwa ameubandika uso ukutani, akisogea ubavu kama kaa, huku wanawake wakimcheka katikati ya uchungu wao. Mmoja alimwita, "Baba, geuka tu, hatukuli!" Hakugeuka. Alifanya kazi saa nne, sufuria ikashika mvuke, akaondoka kwa njia ile ile, uso ukutani. Nilipomuuliza nimpe nini, aliniuliza kama nimekula.

Sasa niseme jambo ambalo sisi wa mtaa ule hatulisemi.

Kapita alikuwa na rafiki mmoja. Alikuwa dereva wa kreni kwenye karakana ile ile, mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, kwa baba yake, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Lubumbashi na Kasai hakuijua. Tulimwita Baba Ngalula, kwa jina la binti yake. Jumapili baada ya misa wawili hao walicheza dama uani kwa Kapita, mmoja kwa vifuniko vya bia, mwingine kwa vifuniko vya limonadi, na walidanganyana wazi wazi, maana huko ndiko kulikuwa kucheza kwenyewe.

Siku za uporaji, mhandisi wao Mzungu aliondoka na sanduku moja la nguo. Boksi lililobaki alimwachia Baba Ngalula. Ndani mlikuwa na kamyo ndogo ya mchezo, yaani lori la kuchezea, urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, yenye magurudumu makubwa kuliko mwili wake. Haikuwa ya kusukumwa. Ilikuwa na injini ya kweli ya petroli, ndogo kama ya mashine ya kukata majani, na iliongozwa kwa mbali, kwa mawimbi ya redio, kutoka kwenye kijisanduku chenye usukani. Ilikuwa ya zamani tayari, imekaa miaka bila kuwashwa. Matairi yalipasuka ukiyagusa. Baba Ngalula aliileta uani kwa Kapita, wakaitazama pamoja kwa muda mrefu, na Ngalula, ambaye alikuwa na miaka kumi na mmoja, akauliza itatembea lini.

"Ikitaka," Kapita akamjibu.

Kabla haijataka, siasa ilibadilika. Ikasemwa kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Ilianza miji mingine, ikatufikia. Vijana walipita na matawi ya miti wakiimba, wakachora alama za chaki kwenye milango, na ikajulikana kwamba atakayemficha Mkasai, nyumba yake itachomwa pamoja naye.

Ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa kwenye lupango yangu, yaani ua wangu, naanika shuka. Nikamwona Baba Ngalula akija na mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, na watoto watatu, na boksi lile la kamyo chini ya kwapa. Akabisha kwa Kapita. Mlango ukafunguka nusu. Sikusikia yote. Nilimsikia Baba Ngalula akisema, "Chumba ya nyuma tu. Paka treni ikuye." Hadi treni ije, hakuomba zaidi ya hapo. Kisha sauti ya Kapita, chini, maneno machache. Kisha mlango ukafungwa.

Baba Ngalula alisimama pale kama mtu anayesoma barua. Akaliweka boksi kizingitini, akalisukuma kidogo kwa mguu lisikae juani, akamshika mkewe mkono. Wakaenda.

Juma la pili dispensari ilitutuma gare, yaani kituo cha treni, maana maelfu walikuwa wamelala pale, kati ya reli, chini ya mashuka, wakingoja treni isiyojulikana. Nilimkuta Mama Ngalula huko. Alijifungulia mikononi mwangu nyuma ya behewa la makaa, wanawake wanne wakishika vitenge kuwa ukuta. Mtoto wa kike. Alilia kwa nguvu, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Siku sita baadaye treni iliwachukua, wengine juu ya paa.

Nilirudi nyumbani na nguo zangu zenye damu. Kapita alikuwa kibarazani. Hakunisalimu.

"Mama Ngalula?"

"Amezaa. Binti. Wazima wote wawili. Wameondoka."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi mno. Akaingia ndani, akatoka na boksi, akatandika shuka jeupe juu ya meza ya uani, na kuanzia siku hiyo watu wa mtaa wakaanza kusema kwamba Kapita amerukwa na akili.

Kazi ile ilimchukua karibu miaka miwili, na mimi niliiona hatua kwa hatua kutoka upande wangu wa barabara. Kwanza aliifungua yote, akapanga kila kipande kwenye shuka kwa mfuatano wa kutoka kwake. Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Aliiloweka siku tisa kwenye mafuta ya taa na mafuta ya breki, kila asubuhi akiigusa kwa kipande cha mti laini, bila kupiga. Siku ya kumi ilisogea upana wa ukucha. Alimwita mkewe aje aone. Mama Kapita alikuja na upawa mkononi, akatazama, akasema, "Na sasa tutaikula?" Lakini nilimwona akitabasamu aliporudi jikoni.

Meno ya gia yalikuwa ya plastiki na yalikwisha. Wauza vyuma chakavu walimletea shaba nyeupe nzuri, naye akauliza imetoka wapi, nao wakacheka, akairudisha. Mwishowe aling'oa robine, bomba la maji la shaba la nyumba yake mwenyewe.

"Maji haikuye tangu miezi," alimwambia mkewe aliyekuwa akipiga kelele. "Robine ya nini?"

Akalikata, akachonga meno ya gia kwa tupa, jino baada ya jino, akipima kwa kipande cha karatasi ya sigara. Gia ya kwanza ilikwaruza. Akaitupa. Ya tatu ilizunguka bila sauti.

Mpira mwembamba wa kupitishia petroli ulikuwa umekatika vipande. Nilimpa mrija wa dripu uliokwisha kutumika. Petroli iliukausha baada ya mwezi, ukawa mgumu kama mfupa. Nikampa mwingine, na mwingine. Chujio la hewa alilikata kutoka kwenye godoro lao, sponji iliyochovywa mafuta, na magurudumu aliyajaza sponji ile ile, hata Mama Kapita akaniambia kwamba upande wake wa kitanda sasa una bonde. Betri za redio zilikuwa zimekufa. Akaunganisha betri nne za tochi. Mwili wa kamyo, ambao ulikuwa plastiki iliyopasuka, aliufua upya kutoka kwenye beseni la bati, akaupaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha.

Wala hakuridhika kuirudisha ilivyokuwa. Springi zake zilikuwa dhaifu, alisema, aliyeitengeneza hakufikiria barabara zetu. Akaongeza ya pili kwa kila gurudumu.

Siku ya kwanza kuiwasha, kwenye uwanja wa mpira, alivuta kamba mara ishirini na kitu. Ikakohoa. Akafungua buji, ile inayotoa cheche, akaipangusa kwa shati lake safi, akavuta tena. Kelele iliyotoka haikulingana na ukubwa wake. Watu walimiminika kutoka kila upande. Wanaume wale wa vibarazani walisimama mmoja mmoja wakaja. Kamyo ilikimbia, ikaruka kichuguu, ikatua kwa magurudumu manne, ikaendelea mbele. Ikaendelea mno. Ilipofika mbali kuliko redio ilivyoweza kuita, ikaacha kusikia, ikaingia kwenye meza ya mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia, na kuyatawanya yote.

Kapita aliokota makala yote kwa mikono yake, kipande kwa kipande, akimwomba mama yule radhi. Kisha akairudisha kamyo mezani miezi miwili zaidi. Alitunga kijispringi ambacho, redio ikikatika, hufunga mafuta na kukaza breki. Nilimuuliza kama ilikuwa lazima, kwa mchezo tu.

"Mashine yenye haina mutu wa kuishika," alijibu bila kuinua macho, "inapashwa kusimama. Haipashwe kuendelea kuumiza bantu."

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Kivu ya Kaskazini, mlokole mwenye sauti ya upole, mwenye malori yaliyopeleka mahindi Kasai. Aliiona kamyo ikikimbia, akaja nyumbani kwa Kapita na gunia zima la unga begani mwa mtu wake. Aliitaka kwa watoto wake. Mimi nilikuwepo. Nililiona gunia, na nilimwona Mama Kapita akiliona gunia.

"Haiko yangu," Kapita akasema.

"Ni ya nani basi, Papa?"

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nilimsikia akilitaja jina la Baba Ngalula. Alisema yuko Mbuji-Mayi, kama yuko hai. Mama Kapita aliingia ndani haraka, na tulimsikia akilia, sijui kwa unga au kwa jina.

Mfanyabiashara alifikiri. "Malori yangu yanafika huko. Nipe, nitaifikisha. Mbele ya Mungu."

"Aksanti. Nitaipeleka mimi mwenyewe."

Gunia lile hakurudi nalo. Alimwachia Mama Kapita, akasema ni la safari ya mumewe.

Kapita aliondoka Jumatatu, akiwa na miaka sitini na zaidi, juu ya mahindi kwenye lori la mfanyabiashara yule, kamyo mapajani imefungwa shuka jeupe. Alirudi baada ya miezi mitatu, amekonda, bila kamyo. Tulimuuliza. Alisema barabara ni mbaya. Mwaka uliofuata walihama, yeye na mkewe, wakaenda kulima Lukafu kama wengi walivyofanya, na nyumba yao ikapangwa na watu wengine.

Nilimwona tena miaka minane baadaye, wakati nchi ilikuwa vitani na sisi tunazunguka vijijini kuchanja watoto. Nilisikia anaishi njia ya mtoni, nikaomba gari lisimame. Nilimkuta akipukuchua mahindi. Macho yalikuwa yamepata ukungu. Alinitambua kwa sauti. Mama Kapita alikuwa amefariki msimu uliopita. Alinieleza bila kupamba, nikalia mimi, yeye akaniuliza kama nimekula.

Tulikula viazi. Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza kusimulia ile safari, akipukuchua huku akisema.

Alimpata Baba Ngalula nyuma ya soko, anatengeneza redio. Watoto wote wazima, Mama Ngalula mzima. Alipobisha, Baba Ngalula alifungua mlango wote, akamtazama, akamwita mkewe alete kiti. Ngalula, msichana mkubwa sasa, aliiendesha kamyo uani siku nzima, na yule aliyezaliwa gare aliikimbilia nyuma akipiga makofi. Kila Kapita alipotaka kusema neno lake, rafiki yake alimwambia ale kwanza. Alikaa kwao mwezi mzima hivyo.

"Siku ya kurudi njo nilisema. Nikamwambia, nilifunga mulango. Akanijibu, najua, nilikuwa inje. Halafu akasema, nilikusikia nyuma ya mulango, haukutoka pale. Ulikuwa unalia." Kapita alilitupa gunzi. "Njo vile tu. Hakusema amenisamehe, hakusema hapana. Akanipandisha lori."

Kuku walikuja wakadonoa karibu na miguu yetu. Nilidhani amemaliza. Akageuza uso upande niliokaa.

"Na weye, Mama Sifa? Weye ulikuwa ku lupango yako."

"Nilikuwa pale."

"Nilikuona ku dirisha, pembeni ya mulango. Ulikuwa na shuka mu mikono."

Ningeweza kusema habari ya gare, vitenge vinne, mtoto aliyelia kwa nguvu. Miaka yote nilikuwa nikijisemea hiyo, na ilikuwa kweli. Lakini nyumba yetu nayo ilikuwa na chumba cha nyuma. Baba Ngalula alipogeuka kutoka mlangoni kwa Kapita, alinitazama, mara moja tu, kuvuka barabara. Nami nililiinua shuka, nikalitandaza juu ya kamba, nikawa nyuma yake hadi walipopita. Nilimwambia Kapita hivyo, kama nilivyoandika hapa. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu.

Hakuniliwaza. Hakusema kwamba hata mimi niliogopa, wala kwamba nilikuwa na watoto wadogo. Alikaa na lile jambo kama alivyokaa na pini iliyokwama. Dereva wetu alipiga honi barabarani.

"Vita ikipoa, malori ya mahindi itapanda tena," alisema mwishowe. "Utakaa nyuma ya kabini, si nyuma ya magunia, sababu ya vumbi. Kamina utalala. Mwene-Ditu utabadilisha. Mbuji-Mayi, soko kubwa, unapita wauza chumvi, unauliza fundi wa redio mwenye alitoka Lubumbashi. Mulango iko ya bluu."

Honi ililia tena. Nilifungua daftari la chanjo ukurasa wa nyuma, nikatafuta kalamu kwenye koti langu.

"Anza tena, Baba Kapita," nikasema. "Pole pole."